Begi la kamera Mombasa: tazama zipu kwanza

Masika yakiisha, ujumbe unaonijia kutoka kwa wapiga picha wenzangu huwa wa aina moja: picha ya begi la kamera limeachama mdomo, na chini yake sauti ya mtu anayelia. Mmoja zipu imegoma kufunga akiwa kwenye foleni ya feri Likoni, vitu vyote nje. Mwingine imegoma kufunguka, bwana harusi keshashuka garini, kamera imo ndani. Wote wanauliza, ninunue begi gani sasa? Na nikiwauliza walitazama nini siku ya kununua, naambiwa lita, idadi ya mifuko, unene wa sponji, rangi. Zipu hakuna aliyeishughulikia.

Kwa hiyo hapa sitahesabu lita. Sponji, karibu kila begi la heshima linayo ya kutosha. Mkanda wa bega utaujua mwenyewe ukilivaa. Mimi nazungumzia zipu, na atakayeona nimezidisha aje akae pwani mwaka mmoja kisha tuongee.

Hewa yetu ina chumvi hata kama unakaa Makupa na bahari huioni dirishani. Chumvi hiyo hutua kila mahali, ila kichwa cha zipu, yaani kile kidude unachokivuta, ndicho kinachoumia. Kwa kawaida ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi. Rangi huchubuka upesi, kisha unyevu na chumvi vinaanza kuila zinki yenyewe. Dalili yake ni unga mweupe unaojitokeza pembeni, ambao wengi hudhani ni poda ya bibi harusi. Meno, kwa mabegi mengi ya siku hizi, ni nailoni iliyosokotwa, hayashiki kutu. Lakini ukipiga picha ufukweni Nyali au Diani, mchanga mwembamba huingia kati yake, na kila unapofungua na kufunga, unasaga. Kichwa kinalika kwa ndani, nafasi yake inapanuka, halafu siku moja unakipitisha na nyuma yake meno yanabaki wazi. Watu husema zipu imekufa meno. Meno hayana neno. Kilichochoka ni kichwa.

Halafu kuna kona. Zipu nyingi hufia kwenye kona, na huko ndiko vifaa vinavyoongezeka huzisukuma. Unaanza na kamera moja na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile 18-55. Miezi michache, lenzi ya 50mm ya f/1.8, maana kila mtu kakwambia ununue. Kisha fleshi. Kisha lenzi ya kuvuta mbali, 70-200 ya f/2.8, ambayo peke yake ina karibu kilo moja na nusu. Kisha kamera ya pili, kwa sababu harusi haikusubiri ile ya kwanza ikizima. Begi ni lile lile la mwanzo. Sasa unalikandamiza kwa goti ndipo lifunge, na kila ukifunga hivyo kichwa kinavutwa kwa nguvu za pembeni ambazo hakikutengenezwa kuzibeba. Begi linunuliwe kwa kupimwa na lenzi unayoitamani mwakani, si uliyo nayo leo.

Ukifika dukani, geuza kichwa cha zipu utazame mgongoni. Mara nyingi kuna namba: 5, 8, 10. Hiyo, kwa makadirio, ni upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Namba 5 haina ubaya kwa mfuko wa mbele wa kadi na betri. Mlango mkubwa mimi nataka 8 au 10, sitaki mjadala. Ukiona herufi YKK, hiyo ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, na zipu zake ni za kuaminika, lakini usimalize hesabu hapo, kwa sababu hakuna herufi zinazoigizwa kama hizo. Nimeona begi lenye YKK kichwani na zipu inayokwaruza kama kisu butu.

Na zile zipu zenye utando laini wa plastiki juu, zinazosifiwa kuwa haziingizi maji? Zinazuia rasharasha, ndiyo. Mvua ya masika ya kutoka Saba Saba hadi Buxton kwa miguu, hapana. Isitoshe, utando huo ni poliyurethani, na joto la unyevu huuvunja taratibu: unaanza kunata, kisha unabanduka magamba. Kitu hicho hicho hupakwa ndani ya vitambaa vya mabegi. Ukikuta vipande vyeusi kwenye kioo cha lenzi na hujui vilikotoka, paka kidole ndani ya begi.

Jaribio langu ni hili. Nenda na vifaa vyako vyote, vifunge kwenye leso kama huna pa kuvibeba. Vipange ndani ya begi pale pale kaunta. Funga zipu kwa mkono mmoja, bila mkono wa pili kushikilia kitambaa. Ikikwama kwenye kona, umejibiwa. Ikipita, bana mdomo wa begi pande zote mbili karibu na kona uvute kama unataka kuufungua kwa nguvu, ukiangalia meno. Wauzaji hawalipendi jaribio hili. Kuna mmoja pale mjini aliniambia, "Dada, begi hili si gunia la mahindi." Nikamuuliza, kama halistahimili mikono yangu, litastahimilije makanga wa matatu anayelirusha nyuma ya kiti? Akanyamaza, akaendelea kufuta kioo cha kabati.

Haya, tuje kwenye mabegi yenyewe.

La kwanza ni Think Tank, na sifichi kwamba nina upendeleo. Kampuni hii ilianzishwa California mwaka 2005 na wabunifu wa mabegi pamoja na wapiga picha wa magazeti, na ukilishika begi lao unajua mtu aliyelichora amewahi kukimbia nalo. Ninalolipendekeza kwa kazi za hapa ni Retrospective, begi la bega la turubai. Sababu yangu unaijua: mlango wake mkubwa si zipu. Ni kifuniko kinachoshikwa na velkro, na velkro chumvi haiwezi kuila. Velkro kwa kawaida ina aibu yake, kelele. Kijana anayenisaidia upande wa wanaume aliwahi kufungua begi la velkro msikitini wakati wa nikaha, kadhi anamsubiri bwana harusi atamke, na ile "chraaa" ikasikika hadi mlangoni. Retrospective ina vipande vya kukunja unavyofunika velkro isishike, kifuniko kikafunguka kimya kabisa. Toleo la pili lina pia kifuniko cha zipu kwa ndani, unachoweza kukikunja ukakisahau. Mimi nimekisahau.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawatalielewa haraka. Usiku wa kupamba, ukumbi mzima ni wanawake, simu zinakusanywa mlangoni, na mpiga picha ndiye pekee mwenye kamera. Unapita katikati ya meza, magauni yameburuta, watoto wanakimbia. Begi la mgongoni huko ni balaa, utaangusha sinia za watu. Begi la bega lisilo na nembo kubwa, lenye sura ya mkoba wa kawaida, linapita. Na kwenye tuktuk saa nane usiku, sura hiyo ya mkoba wa kawaida ni kinga kuliko kufuli lolote.

Ubaya wake? Turubai ya pamba ikilowa haikauki upesi, na begi bichi kabatini ni kualika ukungu kwenye lenzi. Lina koti la mvua, litumie. Na ukiweka kamera mbili na 70-200, bega moja litalalamika. Nimelalamika mimi mwenyewe, bado nalipenda.

La pili ni Lowepro, kampuni kongwe iliyoanza mwaka 1967 kwa mpanda milima mmoja wa Colorado. Katika mabegi yao ya mgongoni chagua Flipside na uiache ProTactic. Najua vijana wengi wanaitaka ProTactic kwa sababu inafunguka juu, mgongoni na ubavuni. Mimi naona milango yote hiyo ni zipu za kuugua. Flipside ina mlango mmoja mkubwa, na mlango huo uko upande unaogusa mgongo wako. Kwenye matatu ya Kongowea iliyojaa, mkono wa mtu hauufikii. Pia ukiliweka chini kwenye mchanga, upande wa zipu unaangalia juu, si chini. Herufi AW kwenye majina yao zina maana kuna koti la mvua ndani. Litafute kabla hujaondoka dukani, maana mara kadhaa limekuwa halimo na muuzaji anaapa halikuwahi kuwemo. Kama kazi zako ni za safari, za mbuga, za kwenda Nairobi kwa Madaraka Express, hili linakufaa kuliko Retrospective. Pale stesheni Miritini mabegi hupangwa chini mstari mmoja mbwa wapite wakinusa, na ukiambiwa ufungue, mlango mmoja unatosha kuonyesha kila kitu.

Peak Design ni la tatu na nalitaja kwa ufupi. Zuri, kweli. Juu linafungwa kwa ndoano ya sumaku, wazo ambalo nalipigia makofi. Lakini ubavuni limerudi kwenye zipu, na lile kubwa la mgongoni ni karibu dola 300 huko kwao, kabla ya nauli na kodi. Kwa hela hiyo wapo watu wangenunua lenzi.

Kwa wale wa baharini, wanaopanda mashua kwenda Wasini au wanaopiga picha za pomboo Kisite, wala usipoteze muda na kitambaa. Nunua sanduku la Pelican, aina ya 1510. Halina zipu hata moja. Ni vibanio na mpira unaoziba, halipitishi maji, na lina magurudumu. Ni zito, zaidi ya kilo tano likiwa tupu, na kwenye ngazi za nyumba za Mji wa Kale utalitukana. Na kumbuka, lililofungwa vizuri hufungia unyevu ndani pia, kwa hiyo tia pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu, na uzikaushe mara kwa mara.

Mabegi yasiyo na jina ya Mwembe Tayari: zipu namba 5 mlango mzima, kona zimekatwa kali. Ukiwa huna budi, nunua begi la kawaida la mtumba lenye zipu nzuri, uweke ndani kapu la sponji la kamera kama lile la Tenba BYOB. Tumemaliza hapo.

Sasa bei. Hivi ni nani aliyewafundisha wauzaji wa mtandaoni kuandika "bei njoo inboksi"? Ukienda inboksi wanakuuliza uko wapi. Ukisema Nyali, bei ni nyingine. Ukisema Magongo, nyingine. Ukiuliza zipu ni namba ngapi, unajibiwa "orijino kabisa dada". Ukiomba picha ya kichwa cha zipu kwa karibu, kimya. Begi lile lile, picha ile ile iliyokopwa mahali, linauzwa na watu wanne kwa bei nne, na wote wanne watakwambia limebaki moja.

Linaloniuma zaidi ni safari ya begi lenyewe. Meli inatia nanga Kilindini, kontena linashushwa hapa hapa, macho yetu yanaliona. Kisha linapakiwa kwenye reli kwenda Nairobi, linafunguliwa huko, linaingia dukani huko, na mimi wa Mombasa naagiza kutoka huko, begi lirudi kwa basi la usiku, nilipe nauli ya kulirudisha lilikotoka. Na VAT ya asilimia 16 haihesabiwi kwa bei ya begi peke yake, inahesabiwa juu ya bei, nauli ya meli, bima na ushuru vyote vikiwa vimejumlishwa. Kisha mwenye duka huku anaongeza yake, na nikimwomba apunguze ananiambia mambo ni magumu. Kwake?

Ukishalipata, litunze zipu. Ukitoka ufukweni, chukua mswaki wa zamani na maji baridi ya mfereji, sugua meno na kichwa, acha zipu wazi ikauke kivulini. Baada ya hapo pitisha mshumaa mkavu juu ya meno, fungua na funga mara kadhaa. Mafuta ya nazi yaache kwa nywele, maana mchanga huyapenda. Na ikianza kuachama, usilitupe begi. Mpelekee fundi wa mabegi, meno yakiwa mazima anabadilisha kichwa tu, kazi ya kukaa kwenye kibao ukanywa kahawa. Wakati mwingine hata hakibadilishi, anakibana kidogo kwa koleo pande mbili na kinashika tena miezi kadhaa. Akikwambia lazima atoe zipu nzima, muombe akuonyeshe jino lililovunjika. Akishindwa kukuonyesha, kuna fundi mwingine hatua chache mbele.