Kufungisha AC Mtwara: duka, fundi wa mtaani au kampuni?

Kwa nyumba ya kawaida ya Mtwara mjini, yenye AC moja au mbili za chumbani, tunampa nafasi ya kwanza fundi wa kujitegemea mwenye pampu yake ya vakyumu, ile inayonyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba. Duka linalouza AC na "kukufungia bure" linamfuata, tena kwa masharti. Kampuni ya ukandarasi tunawaachia wenye hoteli, ofisi na majumba ya mashine nne na kuendelea.

Tuanze na duka, maana ndiko wengi wanakoanzia. Kuanzia Oktoba fedha za korosho zinapoingia, na joto la Novemba likiwa mlangoni, AC zinatoka dukani kama maji ya kisima cha jirani. Fundi wa duka anapewa nyumba tatu, nne kwa siku. Sasa piga hesabu: AC moja ya ukutani, ikifungwa inavyotakiwa na watu wawili, inakula saa tatu hadi nne. Nyumba nne kwa siku maana yake kuna hatua zinarukwa, na zinazorukwa ni zile ambazo mwenye nyumba hawezi kuziona.

Hiyo "bure" nayo ina mipaka. Kwa kawaida inahusu bomba la shaba la mita tatu lililokuja na mashine, breketi nyepesi ya kubebea mashine ya nje na waya mfupi. Mashine ya nje ikienda nyuma ya nyumba badala ya ukuta ule ule wa chumba, kila mita inayozidi unailipia: bomba zote mbili, sponji yake nyeusi, waya na bomba la maji. Omba bei ya mita moja ya ziada iandikwe kwenye risiti kabla hujalipia mashine. Ukiisikia baada ya ukuta kutobolewa, huna tena nguvu ya kubishana.

Kinachomfanya mtu avumilie duka ni waranti. Watengenezaji wengi huikubali tu kama mashine imefungwa na fundi wanayemtambua, na kadi ya waranti imegongwa muhuri wa duka na kuandikwa tarehe. Kadi isiyo na muhuri haina kazi. Soma pia kinachofidiwa: mara nyingi miaka mingi inayotangazwa ni ya kompresa (pampu ya gesi iliyo ndani ya mashine ya nje) peke yake, huku kadi ya umeme ya ndani (saketi inayoongoza mashine), feni na uvujaji vikiwa na mwaka mmoja au vimeachwa kabisa.

Fundi wa mtaani ni bahati nasibu, ila kuna namna ya kumpima hata kabla hajafika. Mpigie simu umuulize: hewa iliyomo kwenye mabomba unaitoaje? Akijibu kwamba anafungua kidogo valvu ya mashine ya nje ili gesi iliyomo iisukume hewa nje, mshukuru, umwache. Akisema ana pampu, muulize anaiacha ikifanya kazi kwa muda gani. Jibu la chini ya dakika 15 halitoshi hata kwa mashine ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza). Ya 12,000 yenye bomba la mita tano ipewe dakika 20 hadi 30.

Kwa nini tunashikilia jambo hili? Hewa ya pwani hii ni mbichi mwaka mzima. Bomba likikaa wazi wakati wa kazi linajaa unyevu huo. AC za leo zinatumia gesi ya R410A au R32, na mafuta ya kompresa yanayoendana na gesi hizo yananyonya maji haraka mno. Maji na mafuta vikichemka pamoja vinazaa asidi, na asidi inakula vanishi ya koili za mota ndani ya kompresa. Mashine haifi siku hiyo. Itapooza vizuri, utamsifia fundi, kisha baada ya mwaka au miwili kompresa inaungua na lawama zote wanatupiwa TANESCO. Hewa iliyobaki nayo haigeuki kuwa kimiminika kama gesi, kwa hiyo inapandisha presha upande wa nje na mashine inakula umeme zaidi kwa ubaridi ule ule.

Gesi yenyewe si nyingi. AC ya BTU 12,000 ya R32 hubeba gramu 500 hadi 800 hivi, kutegemea modeli, na kiasi kamili kimeandikwa kwenye kibati cha mashine ya nje. Fundi anayesukuma hewa kwa gesi anamwaga sehemu ya kiasi hicho, na R32 inashika moto, kwa hiyo sigara na kazi hiyo havikai pamoja.

Kazi ikienda sawasawa, utaona hivi. Bomba linakatwa kwa kikata bomba, kamwe si kwa msumeno wa chuma. Mdomo unakwanguliwa makombo huku bomba likitazama chini ili yasiingie ndani. Nati inatangulizwa kwanza, ndipo mdomo utanuliwe. Mafundi wenye haraka husahau hili wakalazimika kukata upya, na bomba linazidi kuwa fupi. Kukaza ni kwa spana mbili, moja inashikilia na nyingine inazungusha. Bomba la robo inchi linataka nguvu ya kukaza ya nyutonimita (Nm) 14 hadi 18, la inchi tatu kwa nane Nm 34 hadi 42. Wachache sana wana spana ya kupimia, na wanaobahatisha wengi hukaza kupita kiasi hadi mdomo wa shaba unapasuka ufa usioonekana.

Baada ya hapo inaingizwa naitrojeni, inaachwa nusu saa, viungo vinapakwa povu la sabuni. Povu likitoa viputo, kiungo kinavuja. Oksijeni ya welda haitumiki mahali hapa hata siku moja. Ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Ndipo ifuate pampu. Ikizimwa, geji (kipimo cha presha) iachwe dakika 10 hadi 15: mshale ukirudi juu, kuna tundu au maji, na valvu za kuachilia gesi zisifunguliwe.

Mengine ni chumvi. Shangani na nyumba zote zinazoangalia bahari, Mikindani vilevile, tatizo linaanza kwenye breketi. Breketi ya chuma kilichopakwa rangi nyeusi inaanza kutu kwenye maungio ya welda, na mashine ya nje ya BTU 12,000 ina kilo 25 hivi zinazotetemeka usiku kucha. Dai breketi iliyochovywa zinki au ya chuma kisichoshika kutu, na bolti zake ziwe za aina hiyo hiyo. Breketi nzuri kwa bolti za kawaida ni kazi bure. Tofali la saruji lililochanganywa mchanga mwingi halishiki bolti ya kutanuka: inazunguka tu kwenye tundu. Hapo bolti ipitishwe ukuta mzima na kuwekewa bati upande wa pili, au mashine ishushwe chini kwenye zege lililoinuka sentimita 15 kutoka ardhini, mvua za masika zisiifikie.

Mashine ya nje isielekezwe kusini mashariki kama unaweza kuepuka, maana kusi inavuma kutoka huko kwa miezi mingi na inabeba chumvi. Ukuta wa upande wa bara unaongeza mita kadhaa za bomba, na ni gharama inayolipa. Chagua modeli yenye mapezi (vibati vyembamba vya kutolea joto kwenye mashine ya nje) yaliyopakwa rangi ya bluu au dhahabu, uyaoshe kwa maji baridi ya bomba, kwa presha ndogo, kila mwezi kipindi cha kusi. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote. Tumeona kazi hiyo ikifanywa na watu wanaojiita mafundi.

Upande wa umeme, AC ya 9,000 au 12,000 inataka waya wa milimita za mraba 2.5 wa peke yake kutoka kwenye bodi ya breka za nyumba, na breka ya ampea 16 au 20. Ya 18,000 na 24,000 inataka waya wa 4 mm². Kuichomeka kwenye soketi ya chumbani iliyounganishwa na pasi na TV ndiko kunakoyeyusha plagi. Ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iwepo kweli, si waya wa kijani uliokatwa na kufichwa nyuma ya boksi. Mwenye kugusa bodi yako awe na leseni ya EWURA ya kufunga umeme; cheti cha VETA cha majokofu na viyoyozi ni kitu kingine, na fundi mmoja si lazima awe navyo vyote viwili.

Mkoa unazalisha umeme kwa gesi asilia ya Mnazi Bay, lakini hilo halizuii volti kuyumba jioni kwenye mitaa iliyo mwisho wa laini. Weka kinga inayochelewesha kuwasha kwa dakika tatu hadi tano umeme ukirudi, ili presha ndani ya kompresa isawazike kwanza. Mara nyingi fundi hufunga ile kinga ndogo ya friji ya ampea 5. Kwa AC haifai: mkondo wa kuwasha kompresa unaunguza mguso wake mapema. Iwe ya ampea 16 na zaidi.

Ukubwa wa mashine, hapa wauzaji hukosea kwa kuzidisha. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya jipsam kinatosheka na 9,000. Chini ya bati bila dari, au chenye madirisha ya luva yasiyofunga, hata 18,000 itahangaika. Ziba luva kwanza. Mashine kubwa mno inafikia baridi haraka na kuzima kabla haijakausha hewa, ukalala kwenye ubaridi wenye majimaji. Kuhusu LUKU: 12,000 isiyo ya inveta, yaani isiyojipunguzia yenyewe kasi ya kompresa, ikifanya kazi saa nane za usiku, inakula uniti 5 hadi 6, na kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti hiyo ni kama shilingi 2,000 kwa usiku. Inveta inapunguza vizuri ikiachwa iwake mfululizo kwenye nyuzi 25 au 26. Ya kuwashwa saa moja moja haitofautiani sana. Aliye kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi ajue atazivuka ndani ya wiki mbili.

Kazi ikiisha, usilipe pesa ya mwisho kabla ya mambo mawili. Mwaga lita moja ya maji kwenye trei ya mashine ya ndani, uone yanatoka nje yote bila kudondokea ukutani. Bomba la maji lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita na ncha yake isizame kwenye ndoo wala dimbwi. Kisha, baada ya dakika 20, pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini: tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12.

Huduma ya baadaye ndipo mafundi wengi wanapopoteza alama zetu. "Gesi imeisha tu, mama, nikujazie." Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni, ikipungua imevuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anajiwekea miadi ya miezi mitatu ijayo. R410A tena ni mchanganyiko: inaingizwa ikiwa kimiminika na kwa mizani, si kwa kusikiliza bomba kwa kiganja. Barafu kwenye bomba nene inaweza kuwa gesi kidogo, inaweza pia kuwa vichujio vilivyojaa vumbi, kwa hiyo aanze na vichujio. Mashine ya nje ikinguruma bila feni kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kifaa cha kusaidia mota kuanza, kitu cha bei ndogo. AC ya gesi ya zamani ya R22 usinunue hata kwa bei ya kutupa: chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinaiondoa ifikapo 2030.

Kampuni zinakuja na mizani, naitrojeni, makaratasi na bei ya kutosha kufunga AC ya pili. Kwa chumba kimoja haina maana. Lindi mjini hali ni tofauti kidogo: fundi mzuri mara nyingi anatoka Mtwara, zaidi ya kilomita 100, na nauli yake iko kwenye bei, kwa hiyo kusanyeni majirani wawili watatu afanye kazi za siku nzima. Kadi ya umeme au feni ikihitajika, inaagizwa Dar na kuja kwa basi; mlipie fundi kifaa kwa risiti, ufundi mlipie kikishafungwa.

Mtumishi anayehama kituo amwambie fundi akusanye gesi kwenye mashine ya nje kabla ya kufungua kitu. AC inawashwa kwenye baridi, valvu ya bomba jembamba inafungwa, geji inashuka hadi karibu na sifuri, valvu ya bomba nene inafungwa, na umeme unazimwa papo hapo. Fundi anayelegeza nati huku gesi ikipiga mluzi hewani amekuuzia gesi mpya utakakofikia.