Deki ipi ununue ili icheze video ulizopakua

Filamu inacheza kwenye laptopu na kwenye simu, lakini ukiichomeka kwenye deki, jina lake halionekani kabisa, au linaonekana kisha sauti inatoka bila picha. Flashi si mbovu, na mara nyingi deki nayo haina kasoro. Kinachogoma ni kodeki, yaani namna picha ilivyobanwa ili ienee kwenye faili dogo. Deki hukunjua picha kwa chipu iliyotoka kiwandani ikijua kodeki chache tu, na huwezi kuiongezea programu kama unavyofanya kwenye simu. Kwa hiyo ukifika dukani usiulize kama inasoma MP4. Uliza kama inasoma H.264.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Herufi za mwisho wa jina, .avi, .mp4 au .mkv, ni mfuko tu, na mfuko mmoja unaweza kubeba kodeki tofauti kabisa. DVD zilipoingia sokoni mwaka 1996 zilitumia MPEG-2. Baadaye zikaja DivX na Xvid, ambazo ni MPEG-4 Sehemu ya 2. H.264, ambayo ni MPEG-4 Sehemu ya 10, ilitoka mwaka 2003, na H.265 ikafuata mwaka 2013. Sasa tazama kava la deki ya DVD: limeandikwa "MPEG4" kwa herufi kubwa. Mnunuzi anafikiri ni MP4 yake, kumbe kiwanda kinamaanisha ile Sehemu ya 2, DivX na Xvid. Hawajakudanganya, ila wamenyamazia nusu ya habari.

Neno jingine la kulitilia shaka ni "Full HD 1080p" kwenye kava la deki ya DVD. Maana yake ni kwamba deki huchukua picha ndogo ya DVD, yenye nukta 720 kwa 576, na kuikuza kabla ya kuipeleka kwenye TV kwa waya wa HDMI. Haimaanishi kwamba faili la 1080p, yaani la nukta 1920 kwa 1080, litacheza. Mara nyingi deki hiyo hiyo hukataa faili lolote lenye upana unaozidi nukta 720.

Kabla ya kutoa pesa, fanya mambo mawili. Kwanza, angalia nyuma na ubavuni mwa TV. Kama ina tundu la USB na kwenye menyu yake kuna sehemu ya video, jaribu hapo kwanza, kwa sababu chipu za TV za miaka ya karibuni hujua kodeki nyingi kuliko deki yoyote ya DVD. (Kuna TV ambazo tundu lake ni la fundi tu, la kuingizia programu ya kiwandani, na hilo halichezi chochote.) Pili, fungua mafaili yako matano au sita kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, na ubonyeze Ctrl+J. Litatokea dirisha linaloonyesha kodeki ya picha, kodeki ya sauti na ukubwa wa picha. Andika ulichokikuta, maana ndicho kitakachoamua ununue kipi kati ya hivi vinavyofuata.

1. Deki ya Blu-ray yenye tundu la USB

Hii ndiyo chaguo la kwanza kwa mtu anayetaka mashine moja icheze DVD zake za zamani na mafaili yake mapya. H.264 ni mojawapo ya kodeki za diski za Blu-ray zenyewe, kwa hiyo chipu yake inaijua hadi 1920 kwa 1080. Nyingi hupokea .mkv na .mp4 moja kwa moja bila kugeuzwa, pamoja na sauti ya AC-3 (Dolby Digital). Kwenye kava au kitabu tafuta maneno MKV, H.264 au AVC (ni kitu kimoja), au alama ya DivX Plus HD, ambayo yenyewe inahusu H.264 ndani ya MKV.

Ina mipaka yake. H.264 ya biti 10 (aina yenye ngazi nyingi zaidi za rangi), inayopendwa na wanaosambaza katuni za Kijapani, karibu deki zote huikataa, au huonyesha vipande vya rangi vilivyovurugika. H.265 nayo haichezi kwenye Blu-ray ya kawaida. Deki za 4K, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, chipu zake zinaijua H.265 kwa sababu diski zake zimebanwa hivyo, ila soma kitabu uhakikishe inaruhusiwa kupitia USB pia. Kodeki za VP9 na AV1, na mfuko wa .webm, usivitarajie.

Kama una TV ya chogo, simama hapo kwanza. Deki nyingi za Blu-ray za karibuni zina HDMI peke yake, zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu hazina pa kuchomeka. Geuza deki uangalie mgongo wake kabla ya kulipa.

Jambo la mwisho kuhusu Blu-ray ni Cinavia, alama isiyosikika iliyofichwa ndani ya sauti ya baadhi ya filamu za studio. Tangu Februari 2012 kila deki mpya ya Blu-ray inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani lazima iwe na kitambuzi chake. Ikiigundua kwenye nakala isiyo halali, sauti hukatika katikati ya filamu na maandishi hutokea kwenye skrini. Watu hupeleka deki kwa fundi kwa ajili ya hilo, na fundi hana cha kutengeneza. Video za harusi, masomo, mahubiri na vitu ulivyorekodi mwenyewe haviguswi.

2. Deki ya DVD yenye USB na alama ya DivX

Hii inamfaa mwenye TV ya zamani, au mtu ambaye haoni taabu kugeuza mafaili kwenye kompyuta usiku na kutazama kesho yake. Alama ya DivX ina uzito kuliko neno "MPEG4", kwa sababu inaonyesha kwamba aina hiyo ya deki ilipimwa. Ina maana itacheza .avi ya Xvid au DivX hadi nukta 720 kwa 576, yenye sauti ya MP3 au AC-3. Kinachozidi hapo uhesabu kama bahati.

Kugeuza kwa FFmpeg, programu ya kompyuta inayoendeshwa kwa kuandika amri, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i filamu.mp4 -vf scale=640:-2 -c:v mpeg4 -vtag xvid -b:v 1200k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 -ac 2 filamu.avi

Kila kipande kina sababu. Upana wa 640 hukaa ndani ya mpaka wa chipu. "-vtag xvid" hubandika jina ambalo deki inalitambua. Ukiliacha, baadhi ya deki hulikataa faili ambalo zingeweza kulicheza vizuri kabisa. Sauti ya MP3 ya kiwango kimoja, 128k mwanzo hadi mwisho, haipishani na midomo, tofauti na MP3 ya kiwango kinachopandashuka, ambayo ndani ya .avi huleta shida hiyo mara kwa mara. Faili hutoka kama MB 10 kwa dakika, yaani filamu ya dakika 100 ni karibu GB 1. Picha ikitoka na vimiraba kwenye sehemu zenye vurugu nyingi, kama mpira au mapigano, pandisha 1200k iwe 1800k. HandBrake, programu ya kugeuza video ambayo wengi huikimbilia, haitakusaidia hapa. Iliacha kutoa .avi miaka mingi iliyopita, na .mp4 yake ya kawaida ni ile ile H.264 unayoikimbia.

Ikiwa picha inacheza ila hakuna sauti, usigeuze faili zima. Hapo kinachogoma ni kodeki ya sauti, mara nyingi DTS au Opus. Geuza sauti peke yake na uiache picha ilivyo:

ffmpeg -i a.mkv -c:v copy -c:a ac3 -b:a 384k b.mkv

Kazi hiyo humalizika kwa dakika chache tu, kwa sababu picha inanakiliwa tu, haibanwi upya. Njia hii inawafaa zaidi wenye Blu-ray, kwa kuwa deki nyingi za DVD haziujui mfuko wa .mkv.

3. Kisanduku cha TV kando ya deki uliyonayo

Ukikuta mafaili yako mengi ni H.265 au AV1, usihangaike kutafuta deki ya kuyasoma. Acha deki ya zamani icheze diski, na ununue kisanduku kidogo cha Android kinachochomekwa kwenye HDMI, chenye USB na VLC ndani yake. AV1 inahitaji chipu ya karibuni, kwa hiyo tafuta neno AV1 kwenye orodha ya kodeki, maana kukuta limeandikwa "4K" pekee hakutoshi. Kisanduku kimewekwa nafasi ya tatu kwa sababu hakichezi diski na kinakuongezea rimoti ya pili. Asiye na diski za kutunza akiweke cha kwanza.

4. Kichomeo cha DVD na diski tupu

Deki isiyo na USB wala alama ya DivX bado ina njia, ila ni ndefu. Kosa kuu ni kuburuta .mp4 hadi kwenye DVD tupu, kuichoma, na kutegemea icheze. Hapo umetengeneza diski ya data. Deki ya aina hii inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP, na picha iwe MPEG-2.

Programu ya DVDStyler hufanya kazi hiyo bila malipo. Anzisha mradi mpya, chagua PAL (fremu 25 kwa sekunde) au NTSC (29.97) kulingana na TV yako, weka umbo la picha 16:9, acha kasi ya data ijipange yenyewe, buruta video ndani, kisha uchome. Diski ya GB 4.7 hubeba filamu moja ya saa mbili kwa ubora mzuri. Ukijaza saa nne, picha itakuwa na ukungu. Usishtuke kompyuta ikiandika 4.38, ni GB zile zile zikihesabiwa kwa 1024.

Kwa deki za zamani nunua DVD-R, si DVD+R, na RW uziache kabisa, kwa kuwa huakisi mwanga kidogo na jicho lililochoka halizioni. Choma kwa kasi ya 4x au 8x hata kama pakiti inasema 16x. Mwisho hakikisha programu imeifunga diski, la sivyo itacheza kwenye kompyuta iliyoichoma tu. Usibandike karatasi juu yake. Karatasi ikikaa upande, diski huyumba inapozunguka na picha hukwama mwishoni, karibu na ukingo.

Flashi

Nunua ya GB 16 au 32 na uifomati kwa FAT32, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili. Deki nyingi hazisomi exFAT wala NTFS, na zikikutana nazo husema tu hakuna kifaa. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo filamu kubwa igeuze au uigawe. Diski kuu ya nje mara nyingi inataka umeme zaidi ya miliampia 500 ambazo tundu la USB 2.0 linalazimika kutoa. Ukisikia inagonga tik-tik bila kuonekana, ni njaa ya umeme, itoe haraka.

Manukuu ya .srt, yaani maandishi ya maneno yanayotokea chini ya picha, yape jina lile lile la video na uyaweke folda moja nayo. Kiswahili hakisumbui kwa kuwa hakina herufi zenye alama juu, lakini manukuu ya Kifaransa hutoka na vibambo vya ajabu mpaka uyahifadhi upya kwa ANSI kwenye Notepad.

Jaribio la dukani

Nenda na flashi yenye mafaili manne yenye majina mafupi: 1.avi ya Xvid, 2.mp4 ya H.264 yenye 720p, 3.mkv ya H.264 yenye 1080p pamoja na 3.srt, na 4.mkv ya H.265. Omba deki iwashwe na ucheze kila moja kwa dakika mbili. Peleka mbele hadi katikati ya filamu, rudisha nyuma, zima, washa, uone kama inakumbuka ulipoishia. Picha ikishikashika kwenye 3.mkv, hasa kamera inapokimbia, chipu inalisoma faili ila inazidiwa. Jaribu na diski moja ya DVD-R uliyochoma mwenyewe, kwa sababu duka litakuonyesha diski ya kiwandani, ambayo husomeka kwa urahisi kuliko zote. Ikicheza 1.avi na kukataa 2.mp4, hiyo ni deki ya nafasi ya pili, na isiuzwe kwa bei ya nafasi ya kwanza hata kava liseme nini.