Patani za nguo za dizaina: ununue gani kwanza ukiwa Nairobi

Kila wiki lazima mtu aniulize nimetoa wapi hiyo gauni ya kufunga kiunoni, nikimwambia nimejishonea anadhani nilipeleka picha kwa fundi. Zii. Picha kwa fundi ni bahati nasibu, anaangalia simu sekunde tatu anakwambia "hiyo ni rahisi sana madam", Ijumaa unapewa kitu inafanana na ile ya picha vile binamu wa mbali hufanana na wewe. Na si ati fundi hajui kazi, wengine pale Uhuru Market wanashona kuliko mimi mara mia, shida ni anakata kwa kukisia na umbo ndio kitu yule dizaina aliuza. Ukiwa na patani, yaani zile karatasi za kukatia nguo, umbo unalo tayari, fundi au wewe mnafuata tu mstari.

Nimenunua karibu kila aina na pesa yangu mwenyewe, kwa hivyo napanga kutoka ile ningekuambia ununue leo hadi ile ya kuachia wagonjwa kama mimi.

Namba moja ni PDF, na sitaki ubishi. Unalipa onlaini, inaingia kwa simu hapo hapo, hakuna posta, hakuna kuitishwa ushuru, na saizi zote ziko kwa faili moja so ukiwa kifua kidogo na hipsi kubwa unatoka mstari wa saizi moja unaingia wa nyingine pale kiunoni. Burda, ile kampuni ya patani ya Ujerumani, wanauza patani zao moja moja hivyo na wana mitindo mingi imekaa kidizaina bila kusema jina la mtu. Kazi iko kwa kuprinti. Ukiprinti A4 gauni moja inaweza kula karatasi thelathini hivi, na unakaa sakafuni na selotepu usiku mzima ukiunganisha kama mtoto wa PP2, mimi siku hizi natuma faili ya A0 kwa wale watu wa tao wanaprinti ramani za majengo, shuka moja ya A0 ni sawa na A4 kumi na sita na inatoka bila kiungo.

Lakini sikiza hii. Kila PDF iko na kiboksi cha kupima, kile kinaandikwa sentimita 10 kwa 10 ama 5 kwa 5. Kabla ukate chochote weka rula hapo. Kijana wa saiba fulani aliniachia printa ijifitishie kwa karatasi badala ya asilimia 100, kiboksi kikatoka 9.7, nikaona milimita tatu ni nini nikakata tu. Blauzi ya inchi 40 kuzunguka ikawa 38.8, na hiyo ilikua silki ya kununua, si mtumba. Iko na sista yangu sasa.

Namba mbili watu watalia ati sio patani, lakini mimi nahesabu: kamera ya mitumba, yaani zile za chaguo la kwanza, ya kufumua. Ukiamka mapema Gikomba siku belo inafunguliwa, ama Toi ukiwa mvivu kama mimi, unapata koti ya dizaina mwenyewe, imechoka kwapa ama imetoboka bitana, hakuna mtu anaitaka, na ndani iko na akili yote ya yule mtu. Usiangalie doa, angalia ukatwaji. Nikifika nyumbani naandika na chaki kila kipande, mbele, nyuma, juu ni wapi, halafu wembe polepole, napiga pasi bila kuvuta, nachora kwa karatasi ya kaki. Koti moja nilifumua ndio ilinifunza kitu sijawahi ambiwa na mtu: kola ya chini ni ndogo kuliko ya juu, kama milimita tatu tu, na imekatwa mshazari wa kitambaa. Ndio maana kola zangu za zamani zilikua zinajikunja ncha kuangalia mbinguni! Ubaya wake ni saizi ni moja, na kama nguo ni ya kuvutika imeshavutika na mwili wa mtu mwingine.

Tatu ni zile patani za karatasi za kuuzwa kwa bahasha, majina kama Vogue, Butterick, McCall's na Simplicity. Hapa ndio dizaina wa ukweli wako, Vogue walianza kutoa patani za wabunifu wa Paris kwa leseni tangu 1949, na hata ile gauni ya kufunga ya Diane von Furstenberg ya 1974 waliitolea patani miaka hiyo hiyo ya sabini. Mbona basi nimeweka tatu? Usafiri. Ukiagiza moja kutoka Marekani posta inaweza kula bei ya patani yenyewe, kwa hivyo mimi hungoja mtu anakuja, bahasha ni nyepesi haimsumbui hata kama begi imejaa.

Ukinunua usiangalie picha ya mbele, geuza nyuma. Kuna jedwali la kitambaa, safu ya upana wa inchi 45 na ya 60, na kitenge chetu kinacheza hapo kwa 45 so usisome safu ya 60 halafu yadi sita zikushinde. Kuna pia maandishi ya kitambaa gani, na ikisema ni ya vitambaa vya kuvutika pekee amini. Hiyo gauni ya kufunga ilibuniwa kwa jezi, kile kitambaa laini cha kuvutika. Nilishona ya kwanza na kitenge na kila nikikaa kwa matatu kifua kinafunguka, nikarudi Eastleigh kutafuta jezi.

Saizi nayo sahau ya dukani. Saizi 12 ya Vogue ni kifua inchi 34, wengi wetu wa 12 za duka tunaingia 14 ama 16 hapo. Sketi na suruali nunua kwa hipsi. Juu, pima kifua mara mbili, pale juu chini ya kwapa halafu pale pamejaa, tofauti ikizidi inchi 2 nunua kwa kile kipimo cha juu ndio mabega yakae halafu uongeze nafasi ya matiti, ukinunua kwa pale pamejaa mabega yatakuanguka. Na jaribu kwanza na amerikani ama shuka ya mtumba, tafadhali.

Nne, majarida ya Burda ya karatasi. Patani ni nyingi kwa bei ya jarida moja lakini zimepangwa moja juu ya nyingine kwa shuka moja, mistari kama nyaya za stima za mtaani, lazima unakili, na hazina nafasi ya mshono kwa hivyo unaongeza sentimita 1.5 mwenyewe. Nilisahau mara moja tu.

Mwisho ni za zamani, zile bahasha za miaka ya hamsini hadi sabini za eBay na Etsy. Nazipenda kupita zote na bado naziweka mwisho, kwa sababu kila bahasha ni saizi moja, karatasi inachanika ukiipumulia, na vipimo vilibadilishwa karibu 1968, saizi 12 ya kabla ya hapo ni kifua 32 si 34, so soma inchi achana na namba. Muulize muuzaji kama amehesabu vipande dhidi ya ile karatasi ya maelezo, na kama hajajibu vizuri ruka.

Mimi sikuuliza. Niko na Vogue ya Yves Saint Laurent, koti, imekuja bila kipande cha mkono. Nimechukua mkono wa ile koti nilifumua, umeingia karibu sawa, imebaki nusu inchi pale begani ndio bado napigana nayo.