Dungeons & Dragons: toleo la 1981 au la 2014?
Katika toleo la 1981 la mchezo huu wa mezani, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake, mchawi anayeanza hurusha dadu ya pande nne kujua ana uhai kiasi gani. Akipata 1, pigo moja linammaliza, maana uhai ukifika sifuri amekufa. Katika toleo la 2014 sifuri humzimisha tu. Hurusha dadu ya pande ishirini, akifaulu mara tatu anapona kifo, akishindwa mara tatu basi.

Wengi wanaorudia mchezo wa zamani wanaifuata hatari hiyo, nami nimo. Humo alama nyingi za kumpandisha mhusika ngazi hutoka kwenye dhahabu unayotoka nayo pangoni, si maadui uliowaua. Hapo kukimbia, kuhonga na kujificha ndiyo akili yenyewe! La 2014 mpe anayetaka kumlea mhusika mmoja miezi mingi.