Seti za ripea ya kalipa: anza na mpira wa vumbi

Kalipa ni kile kibanio cha breki chenye pistoni inayosukuma pedi kwenye diski, na seti ya ripea ni mipira yake mipya. Nilinunua seti moja ya bei ya chini isiyo na jina kwa kuangalia sili tu, ile pete ya mpira ya ndani inayozuia mafuta ya breki yasivuje. Miezi minane baadaye nilikuwa nimerudi chini ya gari lile lile, gurudumu lile lile la mbele kushoto. Gari linavuta upande, rimu inaunguza mkono, harufu ya pedi inaingia hadi ndani. Nilipoichomoa pistoni nilikuta sili safi kama siku niliyoifunga, hakuna hata tone lililovuja. Kutu ilikuwa upande wa nje, kwenye pete nyembamba ya kahawia pale mpira wa vumbi, ule wa nje wa kuzuia uchafu na maji, unapoishikilia pistoni. Mdomo wa mpira ulikuwa umelegea kwenye mfereji wake. Niliugusa kwa ukucha ukacheza. Mvua yote ya miezi hiyo ilipitia hapo.

Tangu siku hiyo napanga seti kwa mpira wa vumbi. Kalipa ya kawaida haina springi ya kurudisha pistoni. Ukikanyaga breki, ile sili ya mraba hujipinda pamoja na pistoni. Ukiachia, hujinyoosha na kuivuta nyuma kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kinachoiachia diski izunguke. Pistoni ikiota kutu, sili haina nguvu ya kuivuta. Nayo kromu ikishaanza kubanduka, hakuna msasa utakaoirudisha. Kwa hiyo ukiwa dukani ukunje mdomo wa mpira kati ya vidole viwili. Mstari mweupe ukitokea kwenye mkunjo, rudisha. Angalia pia kama pete ya chuma ya kuubana imo, kwa kalipa zinazoitumia. Mara nyingi haimo, na ile ya zamani imeshaliwa.

Kabla hujatoa hela, hakikisha mgonjwa ni kalipa kweli. Inua gurudumu lililokwama, ulegeze skrubu ya kutolea upepo. Likizunguka mara moja, kuna presha iliyonaswa, na mara nyingi mkosaji ni hosi ya mpira iliyovimba kwa ndani. Likibaki limeshika, ni pistoni au pini za kutelezea.

Namba moja kwangu ni Seiken, kwa magari ya Kijapani. Nina upendeleo na sijifichi. Mpira wake unabana kiasi kwamba unauzungusha mfereji wote kwa vidole ukitukana, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kubana. Seti niliyochukua ilikuwa na mipira peke yake, kwa hiyo pistoni yako iwe nzima.

Kama pistoni imeliwa, tafuta seti ya Frenkit ya Hispania iliyo na pistoni ndani. Hii naiweka ya pili. Na ukiona kalipa yako ya gari la Ulaya imechorwa chapa ya ATE mgongoni, nunua ya ATE, usijisumbue. Ila pima kipenyo cha pistoni kwa vernia kwanza. Gari la aina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa limefungwa kalipa mbili tofauti, na 54 mm haitaingiliana na 57 mm hata muuzaji aape. Wauzaji wengi huuliza modeli na mwaka tu, kisha wanakupa boksi lililoandikwa "orijino" kama lilivyoandikwa kila boksi kwenye rafu ile.

Ya tatu ni kalipa nzima iliyokwisha fanyiwa ripea kiwandani. Inafaa kama tundu la pistoni lenyewe limechimbika, au ni kalipa ya nyuma yenye hendibreki ndani, ambayo pistoni yake hurudishwa kwa kuizungusha na utumbo wake si wa kuchezea. Unaacha amana, unarudisha ile mbovu, unarudishiwa hela. Mimi niliirudisha, muuzaji akagoma kwa sababu skrubu ya upepo ilikuwa imekatikia ndani. Ingekuwa nzima ningeirudisha ya nini?

Seti za bei ya chini zisizo na jina nimeshazieleza pale juu, ni kama ile iliyonirudisha chini ya gari.

Grisi nayo ununue kwa jina. Mipira hii kwa kawaida ni ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, na grisi ya mafuta ya petroli huivimbisha mpaka ikabana pistoni upya. Kwenye sili na mpira wa vumbi weka grisi nyekundu ya mipira, kwenye pini weka ya silikoni. Mimi nilipewa ya beringi. "Grisi ni grisi, dada," muuzaji aliniambia, huku akinirudishia chenji.

Pistoni itoe kwa kukanyaga pedali polepole kabla hujafungua hosi. Ukilazimika kutumia upepo wa kompresa, tanguliza kipande cha mbao mbele ya pistoni na vidole vikae mbali.

La mwisho, uliza seti ni ya kalipa ngapi. Kuna pakiti ya mbili na kuna pakiti ya moja, na picha ya juu ni ile ile. Niliagiza nikijua ni ya mbili. Jumapili jioni gari lilikuwa juu ya stendi, kalipa moja imefungwa, nyingine imelala wazi juu ya gazeti, na pakiti imeisha.