"Laki tatu na nusu ya kadi": huduma ya kubadilisha jina la gari Tanga

Ukinunua gari la mkononi Tanga, iwe yadini au kwa mtu Ngamiani, mkishapatana bei tu utasikia: "Ongeza laki tatu na nusu ya kadi, tunakumalizia kila kitu." Ni huduma halali, na kwa mtu asiye na muda wa kufuatilia makaratasi ni msaada wa kweli. Kasoro yake kubwa ni kwamba inauzwa kwa mkupuo, wakati ada za serikali zilizomo ndani yake mnunuzi anaweza kuzihesabu mwenyewe.

TRA inatoza sh 50,000 kuhamisha umiliki wa gari (pikipiki ni 27,000), sh 10,000 za kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Gari la milioni 12, stempu ni 120,000, jumla 180,000. Zinabaki 170,000 za wakili anayeshuhudia mkataba na jasho la dalali. Hilo linazungumzika. Ila gari likiwa la milioni 6, ada zote ni 120,000 tu, na mkupuo unatajwa ule ule. Hapo mnunuzi wa gari dogo kama Toyota IST anaumizwa. Dai mchanganuo, na uombe kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) ulipie mwenyewe kwa simu au benki. Dalali anayekataa kutoa kontroli namba, achana naye.

Usikubali pia kuandikiwa milioni 5 kwenye mkataba wa gari la milioni 12 "ili stempu ipungue". Utaokoa 70,000, lakini gari likija kuwa na kesi, mkataba unaosoma milioni 5 ndio utakaoushika mkononi ukidai pesa yako.

Kadi ikichelewa, mara nyingi chanzo si ofisi ya TRA. Gari limepita mikono miwili mitatu bila kubadilishwa jina, na anayekuuzia siye aliye kwenye kadi. Anayetakiwa kusaini ni mwenye jina kwenye kadi, na TIN yake (namba ya mlipakodi) inahitajika. Kama amefariki, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kinyume cha hapo hakuna dalali atakayekumalizia chochote. Huduma nyingi zinaanguka hapa, kwa sababu pesa hupokelewa kabla mtu hajaisoma kadi.

Isome mwenyewe, tena boneti ikiwa wazi. Kwenye IST ya toleo la kwanza namba ya chasisi imegongwa kwenye bati la nyuma ya injini, na kwa kawaida inaanza NCP60 au NCP61. Magari yanayolala karibu na bahari hushika kutu, na tarakimu 3 na 8 hufanana. Pangusa kwa kitambaa, soma tarakimu moja moja, kisha linganisha na kadi. Linganisha namba ya injini na ukubwa wake vilevile: chasisi ya NCP60 ni ya injini ya cc 1300, ya NCP61 ni cc 1500. Injini ikiwa imebadilishwa, au rangi si ile ya kwenye kadi, muuzaji arekebishe kwanza kwa gharama zake.

Madeni ni jambo ambalo mkupuo hauligusi kabisa. Kwetu namba ya gari haibadiliki na mwenye gari, kwa hiyo faini za trafiki na za maegesho zinakuja nayo. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi na wa maegesho kabla hujalipa hata shilingi.

Bima nayo huhesabiwa kando. Ile ndogo (inayofidia wengine tu) ya gari binafsi ni sh 118,000, yaani laki moja na VAT yake. Hakiki kibandiko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Ukinunua kwa mkopo, benki itataka bima kubwa, inayofidia na gari lako: kwa asilimia 3.5, gari la milioni 12 ni 420,000, na ukiongeza VAT inafika 495,600. Watu wengi hawaiweki kwenye bajeti.

Kwa jumla tunaipa alama 3 kati ya 5, na 4 kwa dalali anayetoa risiti ya kila ada. Bakiza malipo yake ya jasho mpaka kadi itoke, na ukikabidhiwa, hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye NIDA, herufi kwa herufi, kabla hujaondoka.