Mkoba wa kuingilia wodini: kipi kinastahili bumu lako na kipi ni chuma tu

Wanafunzi wa udaktari wakishamaliza miaka 2 ya anatomia, fiziolojia na biokemia, na rotesheni za mwaka wa 3 zikikaribia, maduka ya vifaa tiba yanayozunguka hospitali kubwa hutoa dirishani bidhaa ileile: seti ya mkoba wa zipu. Ndani kuna stetoskopu ya mirija miwili, mashine ya presha ya mshale, nyundo ya mpira, kipima joto, tochi ya kalamu na uma wa kupimia mtetemo. Muuzaji atakwambia hapo umemaliza. Kwa kuhesabu vitu, hakosei sana.

Kasoro ya seti hii inamuumiza zaidi mgeni. Daktari aliyekaa wodini miaka 10 akiweka stetoskopu mbovu kifuani pa mgonjwa, anatambua papo hapo kwamba kifaa ndicho kiziwi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza bado hajui hata sauti ya kawaida ikoje. Asiposikia kitu atayalaumu masikio yake, au ataandika kwenye faili kwamba mapafu ni safi. Kwa hiyo kila kipande hapa tumekipima kwa swali moja: je, kinaweza kumdanganya mtu ambaye bado hajui?

Stetoskopu ya kwenye seti inaweza, tena sana. Ni muundo wa Rappaport-Sprague: mirija miwili iliyoshikizwa kwa klipu, kichwa kizito chenye kiwambo (utando wa kusikilizia) kikubwa na kidogo, na kengele tatu za kubadilisha (vikombe vya kusikilizia sauti nzito za chini) ambazo kwa kawaida hupotea kabla ya muhula kuisha. Muundo wenyewe si wa kudharau. Ukitengenezwa vizuri unasikia. Ile ya bei ya chini inaharibika mahali patatu. Mirija ikigusana hutoa mkwaruzo ambao mgeni ataudhania msuguano wa utando wa mapafu. Ncha za masikioni ni plastiki ngumu isiyoziba tundu la sikio, kwa hiyo kelele za wodi zinaingia na sauti ya kifua inapotea. Na kichwa hulegea, kikabaki nusu kimefunguka upande huu na nusu upande ule.

Badala yake tunapendekeza Littmann Classic III. Ina mrija mmoja wa sentimita 69, uzito wa gramu 150 hivi, kiwambo cha sentimita 4.3 upande wa watu wazima na cha sentimita 3.3 upande wa watoto. Bei yake inauma: hata Marekani huzidi dola 100, na huku kuna usafiri na faida ya muuzaji juu yake. Kinachowachanganya wengi ni kwamba haina kengele ya kuonekana. Kiwambo chake hubadilika kwa uzito wa mkono: ukikigusisha kidogo unapata sauti nzito za chini, ukikikandamiza unapata sauti nyembamba za juu. Anayekandamiza muda wote atasikia vizuri mapigo ya moyo na pumzi, lakini ataukosa mngurumo wa vali ya moyo iitwayo mitrali ikiwa imesinyaa, sauti ya chini mno ambayo hutafutwa mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto, kichwa cha stetoskopu kikiwa juu ya ncha ya moyo, mkono mwepesi kabisa. Kwenye wodi zetu, ambako moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki bado unalaza vijana wa umri wa sekondari, sauti hiyo utakutana nayo nje ya chumba cha mtihani. Anayetaka kengele halisi anaweza kutoa kiwambo kidogo na kuvalisha mpira wa ukingo unaokuja na kifaa.

Cardiology IV ya kampuni hiyohiyo ni nzuri zaidi, ila ni nzito na ghali, na mwaka wa 3 bado huna sikio la kutofautisha kile ulicholipia. Pesa ikibana, chukua Lightweight II S.E.; kichwa chake ni kidogo na chepesi, kinatosha kwa presha na kwa kifua cha kawaida. Tungeichagua hiyo kuliko stetoskopu yoyote ya kwenye zipu. Nyingine ya kufikiria ni ile inayouzwa na daktari anayemaliza intern, kwa sababu ncha za masikioni na viwambo hununuliwa peke yake. Kunja mrija karibu na shingo: ukiwa mgumu kama mpira wa tairi, umekwisha.

Feki ni nyingi. Littmann ya kweli ya daraja la Classic huwa na namba iliyochongwa kwenye chuma cha kichwa, na namba hiyo inaweza kuhakikiwa. Feki nyingine nazo zina namba, ila ukifungua maboksi mawili unaikuta ileile. Mwambie muuzaji akupe mawili uyaone.

Jaribu hapohapo kaunta, usiridhike na boksi. Vaa ncha zikielekea mbele, upande wa pua, kwa kuwa tundu la sikio linaelekea huko. Ukizigeuza, ncha zinagonga ukuta wa sikio na kifaa kinakuwa bubu, na hilo ndilo kosa linaloongoza wiki ya kwanza. Gonga kiwambo kidogo kwa ncha ya kidole. Usiposikia kitu, zungusha kichwa nusu mzunguko hadi kibofye, ugonge tena. Kisha weka kwenye kifua chako, chini ya titi la kushoto, juu ya ngozi. Hata bodaboda zikinguruma nje, mapigo mawili ya moyo yanatakiwa yasikike yakiwa yameachana. Ukilazimika kufumba macho na kushika pumzi ili uyasikie, rudisha.

Kutunza si kazi. Vaa juu ya kola, maana mafuta ya ngozi ndiyo yanayougandisha mrija. Futa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 kati ya mgonjwa na mgonjwa, usiiloweke. Usiiache kwenye gari lililopaki juani.

Mashine ya presha ndiyo sehemu ya seti inayodanganya kwa upole zaidi, kwa sababu daima inakupa namba, na namba huonekana ya kweli. Shida kubwa ni mkanda. Seti huja na mkanda mmoja, wa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34. Mfuko wa hewa ulio ndani unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake ufikie asilimia 40 ya mzingo. Ukimfunga mama mwenye mkono wa sentimita 38 mkanda huo, presha itasomeka juu kuliko ilivyo, na anaweza kuanzishiwa dawa za maisha kwa ajili ya mkanda. Ukimfunga kijana aliyekondeana, itasomeka chini. Nunua mashine ambayo mkanda wake unachomoka, kisha ongeza mkanda mkubwa wa sentimita 35 hadi 44. Dukani, uzungushe kwenye chupa ngumu, pampu hadi 200, funga vali, hesabu dakika moja. Mshale usishuke zaidi ya milimita 4 hivi. Ukitoa hewa yote, urudi sifuri kamili. Unaogota kwenye 6 utaongeza 6 kwa kila mgonjwa utakayempima mwaka mzima. Hata mzuri hupotea njia polepole, kwa hiyo kila miezi 6 ulinganishe na mashine iliyohakikiwa.

Upimaji wenyewe huharibika kwa haraka. Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Kabla ya kushika stetoskopu, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, pampu hadi yapotee, kumbuka namba, toa hewa. Sasa pampu tena hadi 30 juu ya namba ile, ushushe kwa milimita 2 kila sekunde. Wanafunzi huruka hatua ya kushika mapigo kwa kuona inapoteza muda. Lakini baadhi ya wagonjwa wa presha wana pengo la kimya katikati: sauti zinasikika, zinakatika, zinarudi. Aliyepampu hadi 150 tu anaangukia ndani ya pengo na kumwandikia 140 mtu mwenye 190.

Je, unahitaji mashine yako wakati wodi inayo? Ndiyo. Ya wodi huwa kwa sista wa zamu, na saa unayoihitaji kwa mgonjwa wako wa raundi kubwa ndiyo saa inayozunguka vitanda vingine 30.

Nyundo ya kwenye seti ni ya Taylor, ile ya pembetatu yenye mpini mfupi. Kwenye goti inafanya kazi. Kwenye kifundo cha mguu mgeni huikata kama shoka, mpira unaruka, mguu hauchezi, na ripoti inasomeka kwamba mgonjwa hana refleksi. Nyundo ya Queen Square, yenye mpini mrefu na duara la mpira mwishoni, huanguka kwa uzito wake. Wewe unalegeza kifundo cha mkono tu. Ukibaki na Taylor, ishike mwisho kabisa wa mpini, na kabla ya kuandika kwamba refleksi haipo mwambie mgonjwa afumbate vidole vya mikono miwili na kuvivuta wakati unagonga.

Uma uangalie namba iliyochongwa. Wa kupimia hisi ya mtetemo kwenye miguu ya mgonjwa wa kisukari ni wa 128. Wa masikio ni wa 512. Seti nyingine zina wa 512 pekee, na usio na namba ni wa kuliia chapati.

Tochi: mwanga mweupe wa kuelekea bluu hupotosha rangi ya manjano ya macho, kwa hiyo manjano yatafute dirishani mchana na tochi ibaki kwa mboni na koo. Tochi ya simu ni kali mno kwa mboni, na simu yenyewe hubeba uchafu wa wodi hadi kitandani kwako. Kipima joto kiwe cha kidijitali; cha zebaki kikikuangukia wodini umezua kazi nyingine. Seti kubwa ya kuangalia masikio na macho, ile inayouzwa kwa bei ya simu nzuri, achana nayo. Tumia ya kliniki.

Kipima oksijeni cha kidole hakimo kwenye seti nyingi, na tunashauri ukiongeze ukijua udhaifu wake. Kucha zenye rangi na piko nyeusi huzuia mwanga. Hamia kidole kisichopakwa, au cha mguu. Vidole vya baridi hutoa namba za kubahatisha: subiri mstari wa mapigo utulie, na ulinganishe mapigo yanayosomeka na yale unayoyahesabu kwa mkono. Na kwa ngozi nyeusi, vifaa hivi huelekea kusoma oksijeni juu kidogo kuliko iliyomo kwenye damu, hasa inaposhuka. Mtoto anayehema kwa mbavu huku kidole kinasoma 93, amini mbavu.

Kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa bei yake hakiuzwi kabisa kwenye seti: utepe wa MUAC wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kati. Upime katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia, bila kuubana mkono. Kliniki za watoto mara nyingi wanao; omba mmoja. Kwa futi ya fundi cherehani utapima mzingo wa kichwa na kimo cha mfuko wa uzazi.

Makoti yawe mawili, ya pamba au yenye pamba nyingi, mikono mifupi. Polista kwa joto la Dar ni adhabu, na mikono mirefu huburuzwa kwenye vidonda. Kabla ya kulipa, jaribu mfuko wa pembeni kwa daftari la A5: lisipoingia lote litaanguka kila ukimwinamia mgonjwa. Beba glavu zako na kichupa cha kitakasa mikono cha mililita 100, kwa kuwa boksi la wodi huisha usiku.

Kinga ya homa ya ini B haimo kwenye mkoba wowote, na kwa maoni yetu inatakiwa itangulie stetoskopu. Sindano iliyokuchoma ikitoka kwa mgonjwa mwenye VVU, hatari ni kama 3 kwa 1,000, na ukiwahi PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa) kabla ya saa 72, bora zaidi ndani ya saa chache za mwanzo, inapungua sana. Kirusi cha homa ya ini B huambukiza kwa sindano kwa urahisi mara nyingi zaidi ya VVU, na chanjo yake huchukua dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6 tangu ya kwanza. Kwa anayeanza rotesheni Novemba, hiyo ni Mei, Juni na Novemba yenyewe, na kipimo cha damu cha kuona kama mwili umejenga kinga ni mwezi 1 hadi 2 baadaye. Ukingoja bumu la mwanzo wa muhula, utaingia wodini na dozi moja.